Beki wa Tabora Tuliyemwacha Stesheni

Mzee Kibwana amewaambia kwamba beki wa Tabora hajui mpira, kwamba ana miguu kama michi ya kutwangia, na kwamba safari yetu ilikuwa hasara tupu. Amelisema hilo kinyozini, amelisema sokoni, na Jumapili tulipofungwa na Tufani alilirudia huku watu wakimzomea. Nanyi tangu siku hiyo mnapita dukani kwangu mmoja mmoja, mnajifanya mmeleta suruali za kupunguza, kumbe mnataka kuniuliza kama ni kweli. Nimechoka kujibu kwa vipande huku sindano iko mdomoni. Nawaandikia habari yote kama ilivyokuwa, mpokezane karatasi hizi, na mkimaliza mumwache mzee wa watu apumue.

Kutoka Temeke

Hali yetu mnaijua. Tangu Hamisi aumie goti, upande wa kushoto wa timu yetu ya Mshale umekuwa mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, kila mtu anaingia na viatu anavua kwa raha zake. Watu wa Tufani kule Kinondoni walitupa jina la Karibu Ndani, na watoto wao walikuwa wakiliimba hadi huku kwetu. Pale kinyozini tulibishana mpaka kinyozi akamkata mteja sikio. Huyu anataka beki wa Tanga, yule anataka wa Unguja, mwingine anasema Hamisi akandwe tu kwa mafuta ya nyonyo atapona.

Aliyelitaja jina la Mihambo, beki wa Tabora, mara ya kwanza alikuwa Pembe. Yule mrefu, kuli wa bandarini, Mnyamwezi, aliyekuwa akisimama nyuma ya goli letu na pembe lake la tandala, akilipuliza mpaka mishipa ya shingo inamtoka. "Kwetu Ng'ambo ya Tabora kuna beki," alikuwa akituambia, "mkimpata huyo, Tufani watahama mji." Tulimcheka, maana kila mtu wa bara ana beki kijijini kwao. Baadaye Pembe mwenyewe akatoweka. Mechi zikapita bila pembe kulia, mtu mmoja akasema amepata kazi Lindi, tukasema haya, Mungu amjalie, tukaendelea na mambo ya beki.

Mambo yalipozidi kuharibika ndipo tulipomkumbuka Mihambo. Mkatuchagua sisi wawili: Mzee Kibwana kwa sababu ya mdomo wake, na mimi kwa sababu, kama alivyosema kinyozi, nina hasira za kutosha kumzuia asitoe ahadi za kijinga. Kazi yetu ilikuwa moja: turudi na beki kabla ya mechi ya Tufani.

Mpaka Morogoro

Mlitusindikiza stesheni kwa ngoma, kwa hiyo behewa zima la daraja la tatu lilijua sisi ni nani kabla hatujakaa. Mbele yetu alikaa muuza nazi mmoja wa Kinondoni, shabiki wa Tufani, na bahati mbaya ilikuwa yetu.

"Nyie Mshale," alianza hata Pugu hatujafika, "mnakwenda kununua kufuli?"

"Tunakwenda kuchukua ukuta," Mzee Kibwana akamjibu. "Na fowadi wenu wa katikati, yule mwenye kichwa kama boga, mwambieni aandae plasta."

Waligombana hivyo Soga, wakagombana Ruvu, wakagombana Ngerengere. Muuza nazi alisema beki zetu hazijui kurudi, na hapo, kwa kuwa alikuwa anasema kweli, nikakasirika kuliko mzee. Tulipofika Morogoro alishuka, akatununulia machungwa, akayapitisha dirishani. "Kuleni," akasema, "mpate nguvu za kuokota mipira wavuni." Tukala. Yalikuwa matamu, na hilo nalo liliniudhi.

Pale Morogoro akahamia kwetu mama mmoja kutoka behewa la nyuma, alikokuwa amebanwa na magunia. Mtu mzima, mwembamba, kanga mbili nyeusi zimefifia, na furushi kubwa ambalo hakutaka mtu amsaidie kulibeba. Tukamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya bara. Mzee Kibwana masikio yakamsimama.

"Mama, kwenu wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi wa kuzaliwa."

"Lahaula! Basi sogea huko, mtumwa wangu, mie Mzaramo, nataka kunyoosha miguu."

Nyote mnaujua utani wetu na Wanyamwezi. Mama yule akamvua kofia, akaitia ndani ya kanga yake. "Mzaramo na kofia wapi na wapi," akasema. "Kichwa chenyewe cha kuvulia dagaa." Behewa likaangua kicheko. Jina lake alisema Bi Kalunde.

Kilosa, tulipokwama

Mbele ya Kilosa mvua ilikuwa imelimega tuta la reli. Treni ikasimama, gadi akapita akisema tusubiri, na alipoulizwa mpaka lini akasema mpaka litakapokuwa tayari. Tukashuka, tukasubiri, siku ikapita na nyingine ikaingia. Tulikula miwa, tukala ndizi mbichi za kuchoma, na ndizi zilipotuchosha Mzee Kibwana akatia mkono katika kikapu cha Bi Kalunde akatoa ng'onda wake.

"Samaki huyu ametoka pwani," alisema, "kwa hiyo ni wangu. Ulimwiba."

"Chukua, mtani. Nilijua tu hamjala tangu mzaliwe."

Bi Kalunde akamchoma mwenyewe kwenye moto wa wafanyakazi wa reli, akatugawia, akajiwekea mkia. Sijapata kuona mtu anayeujua utani kama yule mama. Mzee Kibwana akitoa tusi moja, yeye anarudisha mawili, huku anatafuna taratibu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nilipomtazama niliona yeye naye anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nilidhani ni ya kicheko.

Akauliza safari yetu. Mzee akamweleza yote, Mshale, Tufani, goti la Hamisi, na beki tunayemfuata.

"Mihambo wa Ng'ambo?" akasema. "Namjua. Mama yake mkali."

"Mama yake nitamkalisha kitako mie. Wanyamwezi tumewazoea."

"Unataka kumchukua mwanawe?"

"Ni mali yetu, mtani akitaka hanyimwi."

"Haya, mchukueni. Nimewapa mie."

"Mmesikia?" mzee akawageukia abiria. "Mnyamwezi kanipa beki! Nyote mashahidi!" Watu wakapiga makofi.

Baada ya makofi yale Bi Kalunde aliuliza jambo moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua.

"Huko mpirani kwenu hakuna mtu anayepuliza pembe?"

"Alikuwepo!" Mzee Kibwana akadakia. "Mjinga mmoja wa kwenu. Katutoroka, kaenda Lindi kufuata wanawake. Wanyamwezi nyie hamna shukurani, tumekula naye, tumecheka naye, hata kwaheri hakusema."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Bi Kalunde alichokoa moto kwa kijiti.

"Lindi ni mbali?"

"Mbali sana."

"Basi ndiyo sababu," akasema.

Kisha akainuka, akalichukua furushi lake, akarudi ndani ya behewa. Mzee Kibwana akanikonyeza akasema amemshinda.

Dodoma na kuendelea

Reli ilipotengenezwa tukaenda polepole mno. Dodoma tulinunua kuku wa kuchoma aliyekuwa mgumu kama soli, Manyoni mayai, Itigi hatukununua kitu maana vumbi lilikuwa limeingia mpaka kwenye meno. Bi Kalunde alitania tena, lakini si kama mwanzo. Mzee akitupa tusi, anarudisha moja tu. Mara nyingi alikaa na furushi mapajani na kutazama pori. Mzee Kibwana alisema ni uchovu wa safari, nami nikakubali kwa kuwa nilikuwa nimechoka.

Tulichozungumza sisi ni mpira tu. Mihambo atasimama wapi, nani atamlisha sentahafu wetu, Hamisi tumpe kazi gani asinung'unike. Tulikwisha kuwafunga Tufani mara kadhaa kabla ya kufika Malongwe.

Tabora, Ng'ambo

Stesheni ya Tabora alisimama kijana mpana wa kifua, mguu mmoja una kovu refu. Bi Kalunde aliposhuka kijana alipiga goti chini, mbele ya watu wote, akasema shikamoo mama. Mama akamwekea mkono kichwani. Halafu akatugeukia.

"Mihambo, hawa ni watani zangu. Wamekuja kukuchukua ukacheze mpira Dar es Salaam. Nimekwisha kuwapa."

Mzee Kibwana alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku letu. Alidhani huo ndio utani mkubwa kuliko yote, na beki tumeshampata mkononi! Alinikumbatia pale pale. Kijana naye uso ulimng'aa. Alituuliza kuhusu uwanja wetu, kuhusu Tufani, kama ni kweli watu hufika na ngoma. Alitubebea mizigo yote peke yake hadi Ng'ambo.

Nyumbani tulikuta mikeka imetandikwa na watu wamekaa wanamsubiri Bi Kalunde. Kila aliyemfikia alimpa mkono na kumwambia pole. Tukafikiri ni pole ya safari. Akaingia ndani, akatoka na furushi, akalifungua mbele ya wale wazee. Mlikuwa na shati la kuli, kikoi, na pembe la tandala lililofungwa kitambaa cha kijani.

Kitambaa kile nilikishona mimi. Mnakumbuka, Pembe alikuja dukani na kuniomba kipande cha rangi ya Mshale, nikampa kilichobaki kwenye bendera, nikakitia uzi mweupe pembeni. Uzi wangu ninaujua hata gizani.

Nilimtazama Mzee Kibwana. Alikuwa ameshaliona pembe. Akakaa mkekani pamoja na waombolezaji.

Pembe alifariki kwa homa, chumbani kwake, hapo hapo Temeke, nyuma ya kisima. Waliomzika ni makuli wenzake na majirani wachache. Mama alipata habari amechelewa, akaja kwa arobaini. Yote haya alitueleza kesho yake asubuhi, ametupikia uji wa karanga, bila kupaza sauti.

"Arobaini yake iliangukia Jumapili," alisema. "Nilikuwa nimekaa mkekani uani. Nikauliza, jamani, hapa si kwa Wazaramo? Watani wa mwanangu wako wapi? Kwetu maiti hatumshushi mpaka mtani ashike jembe, atuchekeshe kidogo. Wakaniambia leo hutawapata, wako mpirani. Nikasema basi. Kelele zenu nilizisikia, uwanja si mbali."

Ile ni mechi tuliyotoka sare na watu wa Ilala, mkambeba golikipa mabegani. Mimi nilikuwa wa kwanza kumbeba.

Mzee Kibwana alitaka kusema samahani. Akamkatiza. "Hapana, mtani. Sijawaleta kwangu niwasute. Tangu afe, kila mtu ananisemesha kama mgonjwa. Nyie mlinitukana, nikacheka, nikasema kumbe ninaweza. Maneno ya Lindi ndiyo yaliniuma." Akamimina uji mwingine. "Alikuwa akija likizo hana habari nyingine. Wenzangu wa Mshale, wenzangu wa Mshale. Nilidhani nitawakuta."

Nilijiuliza jina lake halisi ni nani. Misimu yote ile, na nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Uwanjani

Jioni Mihambo alicheza. Sasa nawaambia mimi, kwa macho yangu haya: huyu kijana ni beki. Hakimbii ovyo. Anamwachia fowadi njia, anamtazama kiunoni, halafu mpira unakuwa wake na fowadi anaendelea kukimbia peke yake kama aliyesahau kitu nyumbani. Kuna mpira mmoja ulipigwa juu, wakaruka watatu, akauteremsha kwa kifua na kumpa winga wake mguuni. Tufani wasingepita hapo mpaka leo. Nilisimama mstarini nikaona ubingwa wetu unacheza mbele yangu.

Mzee Kibwana hakutazama mpira. Alikuwa akimtazama Bi Kalunde, aliyekuja na kusimama upande wa pili, peke yake, na Mihambo ndiye mtoto pekee aliyembakia.

Asubuhi Mihambo alikuwa amefunga sanduku lake.

"Mama, umeridhika kweli?" nilimuuliza Bi Kalunde faragha, mlangoni.

"Nilishasema njiani, mbele ya watu."

"Ulikuwa utani ule."

"Neno la utani ni neno, fundi. Nikilirudisha, nitakuwa nimekasirikia watani. Sijafikia huko." Akaendelea kufagia ua uliokwisha kuwa safi.

Laiti angekataa! Kama tungekuwa Wachaga au Wamakonde angetufukuza kwa mchi, nasi tungerudi tumenuna na mambo yangekwisha. Kwetu alikuwa hawezi. Kijana naye alitaka kwenda kwa moyo wake wote, tungemwambia mama anakuhitaji angejibu mama ameridhika, na asingesema uongo.

Stesheni

Treni ilipopiga honi Mihambo alikuwa ameshatia sanduku dirishani. Watu wa Ng'ambo walikuja kumuaga. Hapo Mzee Kibwana akasimama mlangoni mwa behewa, akapaza sauti yake ile ya kinyozini.

"Jamani Wanyamwezi! Mlitaka kutuuzia nini? Nimemwona jana uwanjani. Miguu kama michi! Tangu lini mchi ukacheza mpira? Mtani, toa huyu mtu wako, mie sichukui, Tufani watanicheka mpaka nife. Mwache alime karanga!"

Akalichukua sanduku na kulitoa dirishani kwa mikono yake.

Watu walicheka, kwa kuwa ni mtani. Mihambo alicheka pia kidogo, akasubiri aambiwe ni mzaha, apande. Mzee hakumwambia. Treni ikatikisika. Kijana aliangalia miguu yake, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa mimi sikuwa nikicheka. Ningeweza kumwambia kwamba ni beki bora kuliko wote niliowaona. Neno moja tu, na angerukia ngazi. Nikanyamaza, na uso wake ule ninao hadi sasa.

Bi Kalunde hakucheka hata kidogo. Alikuja mbio kando ya behewa, kwa umri ule, akapitisha kofia ya Mzee Kibwana dirishani. Ilikuwa imejaa karanga za kukaanga, bado za moto.

"Mzaramo," alisema huku anahema, "wewe ni mjinga kabisa."

"Najua, mtani," mzee akamjibu.

Kurudi

Sina mengi ya njiani. Kilosa tulipita bila kusimama. Karanga alinipa mimi zote, yeye hakuonja. Morogoro nilimkasirikia, nikamwambia kulikuwa na njia nyingine, isiyomwumiza kijana. Akaniuliza njia gani. Nilifikiri mpaka Ruvu na sikuipata, na hata leo sijaipata.

Mengine mnayajua. Tufani walipita kushoto, wakapita tena kushoto, na muuza nazi wa Kinondoni alikuja na kikapu cha machungwa akayagawa upande wetu. Mkamzomea Mzee Kibwana kwamba alikwenda Tabora kula karanga tu. Alikubali. Atakubali mpaka mwisho, kwa kuwa akisema kweli hata mara moja habari itapanda treni, itamfika Mihambo, naye atakuja. Ndiyo maana nawaomba, yaliyomo humu yasivuke Temeke.

Tena mnasema siku hizi Ijumaa haonekani kinyozini, kwamba ana aibu. Yuko makaburini na jembe. Mara ya kwanza nilipomfuata nilimkuta anapalilia huku anatukana kwa sauti: Mnyamwezi wewe, hata nyasi zako zina kiburi. Anamtania. Nilishika jembe la pili.

Ijumaa hii, baada ya swala, njooni. Kaburi liko upande wa chini, tumelitia kitambaa cha kijani. Msiwaulize watu kwa Pembe ni wapi, hawatamjua. Aliitwa Ramadhani Kapele.